Kalipa ya Bei Nafuu na Tarakimu Zake

Kalipa ni kifaa cha kupimia unene, kipenyo na kina cha vitu vidogo kwa usahihi ambao rula na futi ya fundi haviufikii. Ina uti ulionyooka wenye alama za milimita. Mwisho mmoja wa uti una taya lisilosogea, na taya la pili limeungana na kitelezi kinachokwenda mbele na nyuma. Kitu kikibanwa katikati ya mataya hayo, ukubwa wake husomwa kwenye uti. Juu ya kitelezi kuna mataya mengine madogo yanayotazama nje, ya kupimia ndani ya tundu au bomba, na mkiani huchomoza kijiti chembamba cha kupimia kina. Ipo pia njia ya nne ambayo watumiaji wengi hawaijui: uso wa mbele wa kitelezi huegemezwa juu ya ngazi, kichwa cha uti kikagusa chini yake, na kimo cha ngazi hiyo kikasomwa. Kwa kimo kidogo njia hii hutulia zaidi kuliko kijiti cha kina. Mafundi wengi huiita kalipa ya aina yoyote venia, na anayeiagiza kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road au Kariakoo afadhali aseme ni ya kupimia, la sivyo huenda akaletewa ya breki.

Wazo la taya linaloteleza ni la kale. Kutoka China imehifadhiwa kalipa ya shaba nyeusi iliyoandikwa tarehe inayolingana na mwaka 9 BK. Kilichokosekana ni njia ya kusoma sehemu ndogo kuliko alama zilizochongwa, na njia hiyo ilielezwa na Mfaransa Pierre Vernier mwaka 1631, katika kitabu kilichohusu ala ya kupimia pembe. Zilipita zaidi ya karne mbili kabla kipimo cha namna hiyo hakijamfikia fundi wa kawaida: mwaka 1851 Joseph Brown wa mji wa Providence, Marekani, alianza kutengeneza kalipa za venia ambazo mfanyakazi wa karakana angeweza kuzinunua.

Ujanja wa Vernier ni mwepesi kuliko unavyosifiwa kuwa mgumu. Kwenye kitelezi huchongwa mistari 20 inayochukua urefu wa milimita 19 tu. Kila nafasi ya kitelezi basi ni milimita 0.95, pungufu kwa 0.05 ya nafasi ya kwenye uti. Kitelezi kikisogea 0.05, mstari wa kwanza wa venia unalingana na mstari wa uti, kikisogea 0.10, unalingana wa pili. Na kuendelea hivyo. Sifuri ya venia ikiwa imepita 24 bila kufika 25, na mstari wa saba baada ya sifuri ndio uliolingana sawasawa na mstari wowote wa juu yake, kipimo ni 24.35. Venia nzuri huitandaza mistari hiyo 20 katika milimita 39 ili macho yasichoke, na zipo zenye mistari 50 inayosomwa hadi 0.02. Hizi za 0.02 zinavutia dukani, lakini mistari yake imesongamana kiasi kwamba watu wawili husoma majibu mawili, hasa chini ya taa hafifu. Kwa asiyekuwa na macho ya ujana, venia ya 0.05 yenye mistari mipana ina faida kubwa zaidi.

Ndugu wa venia ni wawili. Wa kwanza ana saa ya mshale: meno madogo yaliyochongwa kwenye uti huzungusha kigurudumu kinachosukuma mshale, na mara nyingi kila mstari wa saa ni 0.02. Husomeka haraka na hahitaji betri, ila chembe moja ya chuma kutoka kwenye mashine ya kukereza ikiingia kwenye meno, mshale huruka na sifuri hupotea. Kwa karakana yenye vumbi la jiwe la kunolea, saa ya bei rahisi ni uchaguzi mbaya.

Wa pili ni kalipa ya dijitali, ambayo leo imejaa kila mahali. Chini ya kibandiko chenye alama za milimita kuna vipande vyembamba vya shaba vilivyopangwa kwa mfuatano, na ndani ya kitelezi vimo vipande vingine vinavyopita juu yake bila kugusana. Kitelezi kikisogea, umeme unaohifadhika kati ya vipande hivyo hubadilika, na chipu huyageuza mabadiliko hayo kuwa tarakimu. Ndiyo sababu jasho, maji au mafuta ya kupoozea yakitanda kwenye uti, skrini huanza kucheza ingawa mkono haujasogea. Zilizozibwa vizuri huandikwa IP67, maana yake vumbi haliingii na kuzama majini kwa muda mfupi hakuziui. Za bei ya chini kwa kawaida hazina kinga yoyote, hata zikiwa zimefungwa kwenye kisanduku kizuri.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Kalipa ya dijitali ya bei ya chini kabisa huonyesha tarakimu mbili baada ya nukta, sawasawa na kalipa ya Kijapani inayouzwa mara kumi zaidi. Tarakimu hizo zinaeleza skrini inaweza kuonyesha nini, hazielezi kwamba kilichoonyeshwa ni kweli. Mtengenezaji mwenye jina huandika mambo hayo mawili mbali mbali: kwa kalipa ya dijitali ya milimita 150 ya Mitutoyo, kwa mfano, hatua ndogo kabisa ya skrini ni 0.01, lakini kosa linalokubalika ni 0.02 juu au chini. Nyingi za bei ya chini huandikwa 0.03, na nyingine haziandikwi chochote. Venia ya 0.05 nayo huruhusiwa kukosea takriban 0.05. Kwa hiyo skrini inayosema 17.01 inasema, kwa uaminifu wake wote, kwamba kitu kiko mahali fulani kati ya 16.98 na 17.04. Anayelipia tarakimu ya mwisho peke yake analipia pambo.

Kinachostahili kulipiwa ni uwezo wa kurudia jibu. Kalipa inayokosea 0.03 kila mara upande uleule inatumika, kwa sababu kosa lake linajulikana na linaweza kutolewa. Inayosema 20.00 sasa, 20.04 baada ya dakika moja na 19.97 jioni haifai hata kwa bure. Uwezo huo hautoki kwenye chipu. Unatoka kwenye chuma. Uti unyooke, kitelezi kikae bila kuyumba, mataya yasuguliwe hadi yawe sambamba. Kazi hiyo ya kusugua ndiyo gharama halisi ya kalipa nzuri, na venia ya kawaida isiyo na umeme huipata kwa bei ndogo kwa sababu pesa zote za mnunuzi zimekwenda kwenye chuma. Kwa fundi mwenye fedha kidogo, venia ya chuma kisichoshika kutu kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana karibu siku zote hushinda ya dijitali isiyo na jina inayouzwa kwa bei hiyohiyo.

Kabla ya bei, hata hivyo, kuna swali la kazi. Fundi umeme anayetaka kujua kama waya wa ukubwa wa 2.5 kweli ni 2.5 hahitaji kalipa ya gharama. Namba hiyo ni eneo la mkato wa shaba kwa milimita za mraba. Ukiwa wa uzi mmoja, kipenyo chake kinatakiwa kuwa karibu milimita 1.78. Waya wa 1.5 una kipenyo cha karibu 1.38. Tofauti ya 0.40 inaonekana hata kwenye venia ya 0.05, na waya ulioandikwa 2.5 ukapimika 1.6 una shaba ya takriban milimita 2 za mraba tu, yaani moja ya tano imeliwa. Kalipa haitasema kama uzi ni shaba tupu au alumini iliyopakwa shaba. Hilo hujulikana kwa kukwangua.

Bati ni habari nyingine. Mabati ya geji 30 na 32 yanayoezekewa nyumba nyingi Afrika Mashariki yana unene wa karibu robo hadi theluthi ya milimita, pamoja na zinki na rangi. Kifaa kinachoweza kukosea 0.05 kwenye kitu cha 0.25 kimekosea kwa moja ya tano, na hiyo ndiyo tofauti yote kati ya geji moja na inayofuata. Mteja anayebishana na muuza mabati akiwa na venia mkononi hana ushahidi. Anahitaji mikromita, ambayo ya milimita 0 hadi 25 hupatikana kwa bei isiyotofautiana sana na ya kalipa ya kati, na huweza kupima bila shida hadi 0.01.

Nondo nazo huwasumbua wenye kujenga. Nondo yenye mbavu haina kipenyo kimoja cha kubana: juu ya mbavu ni kikubwa mno, kati ya mbavu ni kidogo mno. Njia ya uhakika ni mizani. Kipenyo kwa milimita kikizidishwa kwa chenyewe na kugawanywa kwa 162, hupatikana uzito wa mita moja kwa kilo. Nondo ya 12 inatakiwa iwe na takriban kilo 0.89 kwa mita. Kalipa katika kazi hiyo husaidia kugundua udanganyifu wa wazi, kama ya 10 iliyouzwa kuwa ya 12, basi.

Mpaka wa kalipa huonekana vizuri zaidi kwenye beringi. Beringi namba 6203, ambayo hutumika kwenye mota nyingi za umeme na pikipiki, ina tundu la milimita 17. Shafti inayokaa humo hukerezwa kwa kuruhusu tofauti ya karibu 0.01 tu, ikizidi, beringi inapigwa nyundo hadi inakufa, ikipungua, inazunguka juu ya shafti na kuila. Kalipa inayokosea 0.02, hata iwe ya gharama gani, haina sauti katika uamuzi huo. Humfikisha mkerezaji karibu na kipimo, kisha mikromita humalizia.

Sababu ya kalipa kuwa chini ya mikromita ilielezwa na Mjerumani Ernst Abbe mwaka 1890: skeli ya kupimia inapaswa kuwa katika mstari mmoja na kitu kinachopimwa. Kwenye mikromita ndivyo ilivyo. Kwenye kalipa, kitu kiko chini kati ya mataya na skeli iko juu kwenye uti, hivyo kitelezi kikiinama hata kidogo sana, taya hufunguka au hufungika bila uti kujua. Matokeo yake kwa mtumiaji ni mawili. Kitu kibanwe karibu na uti, mbali na ncha za mataya. Na dole gumba lisisukume kwa nguvu. Mguso mwepesi unaorudiwa sawa kila mara hutoa jibu zuri kuliko kubana. Wanafunzi wa ufundi wengi hukosea zaidi kwa dole gumba kuliko kwa kusoma mistari.

Joto nalo lina fungu lake, hasa pwani. Vipimo vyote vya uhandisi duniani huhesabiwa katika nyuzi 20 za Selsiasi. Chuma hurefuka kwa karibu sehemu 11.5 za milioni kwa kila nyuzi, na kwa hiyo kipande cha chuma cha milimita 100 kikiwa katika karakana ya nyuzi 35 kimeongezeka 0.017. Hilo halina madhara makubwa, kwa kuwa kalipa ni ya chuma na imerefuka vilevile. Lakini pistoni ya alumini hurefuka karibu mara mbili ya chuma, na kipande kilichotoka sasa hivi kwenye mashine huweza kuwa na joto la nyuzi 60 wakati kalipa ina 30. Kipimo cha namna hiyo si cha kuandikwa. Kipande kiachwe kipoe karibu na kalipa, na kalipa yenyewe isiachwe juani kwenye dashibodi ya gari.

Sokoni bei hujigawa katika matabaka matatu. La chini kabisa ni la plastiki ngumu, wakati mwingine likiitwa la nyuzi za kaboni, na bei yake ni dola chache tu. Uti wake hupinda kwa mkono; linafaa kwa mbao na kwa shule. La pili ni kalipa za chuma za dijitali zisizo na jina na venia za kawaida. La tatu ni la wenye majina: Mitutoyo ya Japani, Mahr ya Ujerumani, Tesa ya Uswisi, Starrett ya Marekani, ambazo za dijitali huanzia karibu dola 100. Kati ya la pili na la tatu wapo watengenezaji kama Insize wa China, wanaouza kwa bei ya katikati na kuandika kosa linaloruhusiwa kwenye karatasi ya bidhaa. Karatasi hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kutafutwa. Muuzaji asiyejua kosa la kalipa yake ni kiasi gani hauzi kipimo.

Mitutoyo ndiyo inayoigwa kuliko zote, na kampuni yenyewe imekuwa ikiwaonya wanunuzi juu ya nakala bandia. Nakala nyingine zina nembo, kisanduku na hata kijitabu vinavyofanana. Bei huzifichua mapema: Mitutoyo mpya ya dijitali kwa robo ya bei si bahati. Maandishi yaliyochapwa hafifu, kitelezi kinachokwaruza na betri inayokwisha baada ya wiki chache huthibitisha baadaye. Nakala bandia ni mbaya kuliko kalipa isiyo na jina, kwa kuwa mnunuzi wake anaiamini.

Dukani, uchunguzi wa dakika tano huokoa mengi, na hauhitaji kifaa cha maabara. Mataya yafungwe na kuelekezwa kwenye mwanga wa mlango. Yakiwa mazuri, mwanga haupiti popote au hupita kama uzi ulio sawa kutoka juu hadi chini. Ukionekana mpana upande mmoja, mataya hayako sambamba. Kisha kitelezi kifunguliwe na kufungwa mara kumi, polepole na haraka. Sifuri irudi sifuri. Baadhi ya za dijitali hupoteza hesabu zikisukumwa haraka, kasoro ambayo haitibiki. Taya linalosogea litikiswe kwa vidole: kama linayumba, skrubu mbili ndogo juu ya kitelezi huweza kukazwa, robo ya mzunguko kwa robo, hadi liteleze bila kulegea. Kalipa nyingi za bei ya chini hutengemaa sana kwa marekebisho hayo peke yake, na ni ajabu jinsi wachache wanavyoyajaribu.

Baada ya sifuri hufuata kitu chenye ukubwa unaojulikana. Maabara hutumia vipande vya chuma vilivyosuguliwa kikamilifu, uvumbuzi wa Msweden Carl Edvard Johansson wa mwishoni mwa karne ya 19. Fundi wa mtaani ana kitu kinachokaribia: beringi mpya ya kampuni inayoaminika. Kipenyo cha nje cha 6203 ni milimita 40, na kwa daraja la kawaida hakiruhusiwi kuzidi hapo wala kupungua zaidi ya 0.011. Ya 6202 ni 35, kwa masharti hayohayo. Kalipa ikisema 39.98 au 40.01 iko sawa, ikisema 40.06 irudishwe kwenye kabati. Unene wa beringi usitumike, maana huo unaruhusiwa kupungua hadi 0.12. Beringi hiyo ibanwe karibu na uti, kisha kwenye ncha za mataya, na majibu yalinganishwe. Tundu la 17 lipimwe kwa mataya ya juu: kwa kawaida jibu litakuwa dogo kidogo kuliko ukweli, kwa kuwa makali ya mataya hayo yana ubapa na hayagusi kipenyo kamili. Kadiri tundu linavyokuwa dogo, ndivyo kosa hilo linavyokua.

Anayechagua ya dijitali ahesabu na betri. Nyingi za bei ya chini haziwi zimezimwa kweli. Skrini hufungwa huku chipu ikiendelea kuhesabu, ili isipoteze sifuri. Betri ya SR44 hudumisha volti zake hadi karibu na mwisho, ilhali LR44, ambayo ni rahisi zaidi na huingia mahali palepale, hushuka polepole na kuifanya skrini ianze kumeta mapema. Mahali ambapo betri hizo hazipatikani kwa urahisi, venia haina mpinzani.

Karakana inayotengeneza sehemu kwa mkataba huenda ikadaiwa cheti cha ulinganishaji. Shirika la Viwango Tanzania na lile la Kenya yana maabara za kazi hiyo, lakini kwa kalipa ya bei ya chini gharama ya cheti huweza kukaribia bei ya kifaa, na hapo ndipo kununua ya tabaka la juu huanza kuwa na hesabu. Kwa wengine wote, beringi moja iliyofungwa kwenye karatasi ya mafuta na kuwekwa kwenye droo inatosha kuikagua kalipa kila mwezi. Baada ya kazi mataya hupanguswa, uti hupakwa mafuta mepesi, kwani hata chuma kisichoshika kutu hutoboka madoa kwa hewa ya chumvi ya Tanga au Mombasa, na kalipa huhifadhiwa mataya yakiwa yameachana kidogo, skrubu ya kufungia ikiwa imelegezwa.